Trekta ya bustani ya zamani ya mjomba: kuijua ni ipi kisha kuifufua, hatua kwa hatua

Kama una mjomba au shangazi au babu ana katrekta kadogo ka zamani kamelala bandani miaka nenda rudi na amekuomba "we nisaidie tu iwake", soma hii kwanza kabla hujashika spana. Manake kuiwasha ni rahisi kuliko watu wanavodhani, hizi injini za zamani zikipata petroli safi na cheche ya uhakika mara nyingi zinanguruma, shughuli ipo kwenye kuifanya isimame ikitakiwa isimame, na mwenyewe aweze kuitumia peke yake siku ambayo we haupo. Kwa mashine ya ndugu hicho ndo kipimo changu. Ya kwako mwenyewe unaweza kuiwasha kwa kugusisha bisibisi kwenye solenoidi (swichi ya umeme ya stata) na ukaishi hivohivo, ya mjomba hapana.

Naongelea hapa trekta za bustani zilizotengenezwa Marekani miaka ya 1960 na 1970, zenye injini ya silinda moja: Wheel Horse, Cub Cadet, John Deere, Allis-Chalmers, Simplicity, Bolens, Sears na wenzao. Kama yako ni ya kwingine misingi ni ileile, namba tu ndo zitabadilika.

Kaa na mwenyewe kwanza

Muulize maswali matatu na usimkatize akianza hadithi, maana ndani ya hadithi ndo kuna majibu. Ilizimika vipi mara ya mwisho? Kama iliegeshwa tu ikiwa nzima sababu ya kununuliwa mashine mpya, hio ni kazi ya petroli, betri na usafi. Kama ilikufa ikiwa kazini na mlio wa chuma, jiandae kufungua injini. Kama anasema "ilikuwa inamaliza oili" au "ilikuwa inakosa nguvu ikipata moto" andika, hizo ni dalili utazitumia baadae.

Swali la pili, anataka ifanye nini. Kukata nyasi, kuvuta kitoroli, au anataka tu aione inatembea kwa sababu ilikuwa ya baba yake? Kila jibu lina kazi yake, huyo wa mwisho hahitaji hata deki ya kukatia. La tatu ni rangi: anataka ing'ae au ibaki na makovu yake? Uliza kabisa. Kuna watu wamepiga msasa rangi ambayo mzee alikuwa anaipenda vile ilivochakaa na haikurudi tena, rangi ya kiwandani ikishatoka imetoka.

Alafu omba kila kitu kilichokuja nayo, funguo, kitabu, boksi la vyuma visivyojulikana, visu vya zamani. Hilo boksi usilidharau hata kidogo, nusu ya bolti utakazotafuta zimo humo.

Itambue kabla hujanunua hata mkanda

Hapa ndo wengi wanaharakisha. Unaona nyekundu unasema Wheel Horse, unaona kijani unasema John Deere, unaagiza spea, zinakuja hazifiti. Rangi inadanganya sana aisee. Kuanzia 1969 hadi 1971 John Deere walitoa baadhi ya trekta zao za bustani zikiwa nyeupe, na boneti na kiti unachagua nyekundu, njano, rangi ya chungwa au bluu, kwahiyo unaweza kukuta mashine nyeupe yenye boneti ya bluu ukaapa sio John Deere, kumbe ndo yenyewe. Na ukiachana na kiwanda, ndani ya miaka hamsini mtu yeyote anaweza kuwa alipaka rangi iliyokuwa imebaki kopo.

Tafuta kibati cha namba au stika. Sehemu za kuangalia ni chini ya kiti, kwenye nguzo inayobeba dashibodi, upande wa chesisi karibu na mguu wa dereva, nyuma kwenye nyumba ya gia, na ndani ya boksi la betri. Safisha kwa maji ya sabuni na brashi laini ya meno, usitumie brashi ya waya wala tina, unaweza kufuta namba pekee iliyobaki. Kama maandishi yamefifia chukua tochi uimulike kwa pembeni kabisa, karibu ilale na kibati, vivuli vitakuonesha herufi zilizogongwa. Au weka karatasi juu yake usugue na penseli taratibu. Piga picha kila kitu, namba yoyote hata kama huielewi.

Sasa ukishapata namba, mifano ya kukusaidia kusoma. Cub Cadet za mwanzo zilitengenezwa na International Harvester, zilianza kuuzwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 zikiwa na injini ya Kohler ya hosipawa 7, na biashara hio ikaja kuuzwa kwa MTD mwaka 1981, kwahiyo "Cub Cadet" ya kabla na ya baada ya hapo usizichukulie kama kitu kimoja ukitafuta spea. Namba zao zinasema kitu, 104 na 105 zote ni za hosipawa 10 ila ya shufwa ni ya gia na ya witiri ni ya haidrostati, yaani ile inayoenda kwa pampu ya oili bila kubadili gia. John Deere 110 ilianza 1963 na injini ya Kohler ya hosipawa 7. Wheel Horse ilienda kwa American Motors mwaka 1974, alafu Toro wakainunua 1986, ndo maana vitabu vyake unavitafuta chini ya jina la Toro. Allis-Chalmers waliuza trekta za bustani zilizotengenezwa na Simplicity na baadae, 1965, wakainunua kampuni yenyewe, kwahiyo spea za moja mara nyingi zinaingia kwenye nyingine, ukikwama kwa jina moja jaribu la pili.

Sears ndo wanachanganya watu zaidi, hawakuwa wanatengeneza, walikuwa wanauza za wengine kwa jina lao. Namba yao ya modeli ina nukta, na tarakimu tatu za kabla ya nukta ndo zinamtaja mtengenezaji. 917 ni Roper kwa mfano. Bila zile tatu, maneno "Sears Suburban" peke yake hayatakufikisha mbali.

Injini ina utambulisho wake peke yake

Usidhani injini iliyopo ndo iliyotoka nayo kiwandani. Zinabadilishwa sana. Kwahiyo unaitambua trekta, alafu unaitambua injini kama vile ni mashine nyingine kabisa.

Kohler za K unazisoma hivi: K241, zile tarakimu mbili za kwanza ni ujazo kwa inchi za ujazo, karibu 24, na ya mwisho ni idadi ya silinda. K181 ni hosipawa 8, K241 ni 10, K301 ni 12, K321 ni 14, K341 ni 16. Kwa nje nyingi zinafanana mno kwahiyo usikisie kwa macho. Kibati chake kinakaa kwenye kava la bati linalofunika feni na kina namba tatu, modeli, spesi na seria, na zote tatu unazihitaji ukiagiza spea, spesi ndo inasema injini ilitengenezwa kwa ajili ya mashine gani. Angalizo: lile kava linafunguka kwa bolti chache, mtu anaweza kuwa alihamisha kava la injini nyingine, kwahiyo ukiwa na shaka pima pistoni siku utakayofungua hedi.

Briggs & Stratton namba zimegongwa kwenye bati la kava la feni, modeli, taipu na kodi. Kodi ndo tamu, tarakimu sita za kwanza ni mwaka, mwezi na siku. Ukiona 680315 mwanzoni, injini ilitengenezwa tarehe 15 mwezi wa 3 mwaka 1968. Mwambie mjomba hio utamuona anavofurahi.

Ukaguzi bila kuwasha

Zuia hamu. Usiweke betri bado. Fungua boneti, toa kava la feni kabisa, sio kuchungulia. Panya wanapenda kuweka kiota humo juu ya mapezi ya silinda, na injini hizi zinapozwa na upepo tu hazina maji, ukiwasha na kiota ndani inapata moto upande mmoja na inaua hedi. Toa uchafu wote, piga upepo, sugua mapezi. Vaa barakoa maana mavi ya panya sio ya kuvuta puani.

Alafu chomoa kijiti cha oili. Nyeusi ni kawaida. Ikiwa kama maziwa kuna maji. Ikinuka petroli, petroli inapita kwenye kabureta au pampu na kushuka chini, usiwashe hadi ujue kwa nini. Mwaga yote ikiwa ya baridi, pitisha oili hio kwenye kitambaa cheupe, ukiona vipande vinavyong'aa vya aluminiamu basi konrodi (mkono unaounganisha pistoni na shafti) inakusalimia. Hizi Kohler za silinda moja hazina pampu ya oili wala filta, konrodi ina kijiko kinachorusha oili huku na huku, kwahiyo kiwango kikipungua kidogo tu hakuna kitu kinachoilinda. Weka SAE 30 mpya, kwa ngazi ya kijiti, usizidishe.

Toa plagi, dondoshea oili kidogo kwenye tundu, alafu zungusha injini kwa mkono kwa spana ya boksi kwenye nati ya flaiwili (gurudumu zito la injini), kuelekea upande inaozungukia kawaida. Ikizunguka laini, umebahatika, ruka sehemu inayofuata.

Ikiwa imekwama

Usitumie stata kuikwamua, utaunguza stata au upinde kitu. Usipige nyundo juu ya pistoni. Jaza oili ya kupenyeza kwenye tundu la plagi, wengine wanachanganya mafuta ya giabox ya otomatiki na asetoni nusu kwa nusu na inafanya kazi vizuri ila asetoni inawaka moto haraka, fanyia nje. Iache. Siku kadhaa, wiki, ongeza kila ikipungua. Kila ukipita jaribu kwa spana, kidogo mbele kidogo nyuma, ukipata hata nywele moja ya mchezo umeshinda, endelea na huohuo mchezo usilazimishe mzunguko mzima.

Ikigoma toa hedi. Kwenye injini hizi kutoa hedi ni kazi ndogo, valvu ziko kwenye bloku pembeni ya silinda, hedi ni kifuniko tu chenye mapezi. Utaona mwenyewe kama ni kutu kwenye silinda au ni valvu iliyokwama wazi, ya ekzosi ndo inapenda kukwama. Valvu unaigonga chini taratibu kwa kipande cha mbao huku unamwagia oili kwenye shina lake. Silinda yenye kutu nyepesi inasuguliwa, yenye mashimo ambayo kucha inaingia hio ni ya kupelekwa kwa fundi wa kuchonga na kuwekwa pistoni ya saizi ya juu. Ukirudisha hedi weka gasketi mpya na kaza kwa spana ya kupimia nguvu, kwa msalaba, awamu tatu, K241 ni futi-pauni 25 hadi 30, K181 ni ndogo zaidi 15 hadi 20. Ukikaza kwa hisia ya mkono hedi inapinda na gasketi inapasuka.

Na jambo la kompresheni. Kohler nyingi za K zina kifaa kwenye kamu kinachoachia valvu ya ekzosi kidogo wakati wa kuwasha ili injini iwe nyepesi kuzungusha. Kwahiyo ukipima kwa geji unapata namba ndogo na unamwambia mjomba ringi zimekufa kumbe ni nzima. Usihukumu injini kwa geji peke yake.

Cheche

Funga plagi mpya kwenye waya, gusisha mwili wake kwenye chuma cha injini mbali na tundu, zungusha injini, angalia cheche kwenye kivuli. Hakuna? Kabla ya kununua koili nenda kwenye pointi (viswichi vidogo vinavyokata na kuunganisha umeme wa koili), zikikaa muda mrefu zinaota ukungu mweupe na umeme haupiti. Uzuri wa Kohler za K pointi ziko nje kwenye ubavu wa bloku chini ya kikava kidogo, huhitaji kutoa flaiwili. Sugua kwa karatasi ngumu safi au msasa laini sana, alafu weka mwanya wa inchi 0.020, yani nusu milimita, kwa fila geji wakati pointi zimefunguka kabisa. Kupanga taimingi vizuri zaidi kuna alama ya S kwenye flaiwili unayoiona kwa tundu dogo la kava, pointi zinatakiwa zianze kufunguka alama ikiwa katikati ya tundu, unatumia testa kuona mgusano unapokatika. Plagi mwanya wake ni inchi 0.035 kwa zile za betri na 0.025 kwa zile za magneto (tofauti yake naieleza chini kidogo).

Briggs nyingi za zamani pointi zimefichwa chini ya flaiwili. Tumia puli ya kuvutia, usichokoe kwa bisibisi mbili huku mwenzako anagonga, flaiwili ikipata ufa usiouona ni bomu.

Jua pia tofauti hii maana imeua koili za watu: injini ya betri inataka volti 12 ziende kwenye koili ili iwake, ya magneto inajitengenezea umeme wake yenyewe na swichi inafanya kazi ya kuizima tu kwa kuigusisha ethi. Ukipeleka volti 12 kwenye koili ya magneto umeiua. Kwahiyo usinunue swichi ya funguo yoyote tu kwa sababu ina pini tano na ya zamani ilikuwa na pini tano.

Waya za nyuma ya dashibodi kama zimeunganishwa kwa gundi ya nailoni na rangi zote nyekundu, mimi nazitoa zote nafunga upya. Ni waya chache mno kwenye trekta hizi, jioni moja inatosha, na unaweka fyuzi ambayo zamani nyingi hazikuwa nayo. Safisha ethi mpaka chuma kiwe cheupe, betri kwenda chesisi na chesisi kwenda injini, nusu ya stata "mbovu" ni ethi yenye kutu.

Cub Cadet na nyingine kadhaa zina stata na jenereta kwenye mwili mmoja unaozungushwa na mkanda. Ukibadili regyuleta au jenereta, kabla ya kuwasha gusisha waya kwa sekunde moja kati ya BAT na GEN pale kwenye regyuleta, cheche ndogo itaruka, hapo unaielekeza jenereta umeme uende upande sahihi. Usipofanya inaweza isichaji na ukailaumu bure.

Petroli

Hapa niseme wazi, usijaribu kuiwasha na petroli iliyokutwa ndani. Mwaga, tupa panapostahili. Tanki likiwa na kutu weka mnyororo mdogo au nati kadhaa na siki, tikisa, acha usiku, suuza, kausha haraka na upepo. Mipira yote ya petroli badilisha bila kujadiliana, filta mpya, na kikombe cha kioo chini ya tanki kama kipo kipate gasketi mpya.

Kabureta itoe, ifungue juu ya trei nyeupe ili kisprini kisipotee, piga picha kila hatua. Vitundu vizibue kwa dawa ya kabureta na upepo, au waya laini wa shaba, sindano ya chuma inapanua tundu na baada ya hapo hakuna skrubu itakayokupa mlio mzuri. Tikisa boya, ukisikia maji ndani limetoboka. Shika ekseli ya kipepeo (kile kibati kinachofungua na kufunga njia ya hewa) utikise, ikicheza sana injini itakuwa inavuta hewa pembeni na haitatulia ikinguruma taratibu hata ufanyeje, weka bushi. Kwenye zile kabureta za Carter zenye skrubu ya kupangia, anza kwa kufunga polepole hadi mwisho bila kukaza alafu rudisha mizunguko kama miwili kwa ile kubwa na mmoja na robo kwa ile ya kunguruma taratibu, hapo itawaka, utapanga vizuri ikishapata moto.

Kabla hujafunga, chezesha mkono wa gavana (kifaa kinachodhibiti spidi ya injini) kwa kidole. Uende na urudi bila kukwama. Gavana ikikwama injini inapanda bila breki, na konrodi ya aluminiamu haina subira na mambo hayo. Mwisho wa spidi ni mizunguko 3600 kwa dakika na usiikaze sprini eti ipate nguvu.

Kuwasha mara ya kwanza

Nje kabisa, sio bandani mlango ukiwa wazi, moshi wake unaua. Kizimamoto karibu. Mkanda wa deki uondoe. Gia huru, breki imefungwa, tairi za nyuma juu ya stendi kama huiamini transmisheni. Na uwe na namna mbili za kuizima zilizojaribiwa kabla, swichi na kufunga petroli.

Zungusha kwanza bila plagi hadi oili isambae, rudisha plagi, choki, washa. Moshi mweupe na wa bluu mwanzoni ni ile oili uliyomwagia, usiogope, ukiendelea dakika kumi na tano na bado bluu ndo uanze kufikiria ringi au valvu. Sikiliza sehemu ya chini ya injini, mlio wa "kok kok" unaoongezeka ukipunguza spidi ghafla ni konrodi, zima hapohapo.

Mjomba atakuwepo na atataka aipande. Mzuie kistaarabu, mwambie "subiri mjomba bado breki".

Breki, usukani, tairi na transmisheni

Hapa ndo nilikuwa nataka tufike. Breki nyingi za trekta hizi ni mkanda unaobana ngoma au disiki ndogo upande wa giabox, fungua, angalia unene, safisha oili iliyovujia. Usipulize vumbi lake na usilisugue likiwa kavu, lining'i na gasketi za enzi hizo zinaweza kuwa na asbesto, lowesha na ufute kwa kitambaa cha kutupa. Ipange mpaka trekta ikisimamishwa kwenye mteremko na breki ya kuegesha haisogei hata ukiisukuma. Haishiki? Basi trekta haijapona, hata kama injini inaimba.

Swichi za usalama. Nyingi za miaka ile zina swichi kwenye klachi au gia ili isiwake ikiwa kwenye gia, na mafundi wa njiani waliziunganisha moja kwa moja zikafa kazi. Zirudishe. Ya chini ya kiti nyingi hazikuwa nayo, kwa mzee au shangazi mimi naiongeza, kwenye injini ya betri unaipitisha kwenye waya unaopeleka umeme kwenye koili, akinyanyuka injini inakufa. Kwenye magneto swichi inakuwa ya aina ya kinyume, inagusa ethi kiti kikiwa kitupu. Atalalamika kwamba inazima akinyanyuka kidogo kuangalia nyuma, mwache alalamike.

Usukani ukicheza robo mzunguko anza na tairodi na bushi za kingpini kabla ya kulaumu boksi. Piga grisi nipo zote mpaka grisi chafu itoke. Tairi za nyuma kama ni nzito ajabu na unasikia maji, zilijazwa maji yenye kalsiamu kloridi kuongeza uzito, hio inakula ringi ya gurudumu kwa ndani, toa tairi ukague chuma.

Giabox za gia mwaga mafuta, weka ya gia ya aina kitabu kinachotaka. Haidrostati za Cub Cadet zinataka mafuta yake, Hy-Tran, sio oili ya injini, na kama yaliyotoka ni meupe kama maziwa badilisha, endesha kidogo, badilisha tena. Ukitaka kuisukuma haidrostati ikiwa imezimwa tafuta kwanza kama ina kipini cha kuiachia huru, na usiivute umbali mrefu.

Deki

Kama nyasi ndo lengo. Chomoa waya wa plagi kabla mkono haujaenda chini, kila mara, hata kama ni kwa sekunde. Zungusha kila spindo kwa mkono, ikikwaruza badilisha beringi. Bati likiwa na tundu karibu na visu lichomelewe, kisu kikirusha jiwe kinalirusha kupitia hapohapo. Kisu kinoe pande sawa alafu kining'inize kwenye msumari kwa tundu la katikati, upande unaoshuka ndo mzito, usugue huo. Makinga yote ya kutolea nyasi yarudi mahali pake.

Rangi, kama ameikubali

Rangi ya zamani inaweza kuwa na risasi, usipige msasa mkavu, lowesha maji, barakoa ya kweli, watoto mbali. Stika zipige picha na rula pembeni yake kabla hazijatoka ili mpya zikae palepale. Vibati vya namba usipake rangi juu yake kamwe. Kama hakutaka rangi, osha, paka oili nyepesi kwenye chuma kilicho wazi, imetosha na inapendeza kuliko rangi mbaya.

Kumkabidhi

Usimwachie funguo na kuondoka. Mkalishe kwenye kiti, we usimame pembeni mikono mfukoni, aiwashe mwenyewe kuanzia mwanzo, petroli, choki, klachi, ufunguo. Pale atakapokwama ndo pa kurekebisha, kama klachi ni nzito kwa goti lake legeza sprini au rekebisha fimbo, kama hasomi alama ya choki paka nukta nyeupe. Alafu azime, kwa swichi na kwa kufunga petroli. Alafu ashuke mteremko mdogo na asimame katikati. Mteremkoni apande na kushuka wima, asikatize ubavu, trekta hizi hazina chuma cha kumkinga ikibiringika, na pia oili ikikaa upande mmoja kile kijiko cha konrodi kinachota hewa.

Andika kwenye kadi moja, kwa herufi kubwa, aina ya oili na kiasi chake, mwanya wa plagi na wa pointi, namba zote tatu za injini, namba ya trekta, namba ya mkanda, uibandike ndani ya boneti. Mwambie apime oili kila kabla ya kuwasha, kila mara kabisa.

Akishaitumia kama saa tano hivi rudi. Mwaga oili ikiwa ya moto uangalie tena vipande kwenye kitambaa, kaza bolti za hedi upya injini ikiwa imepoa, pima mwanya wa pointi tena maana fiba ya pointi, kama ni mpya, inalika kidogo mwanzoni, kaza mkanda uliovutika, angalia nati za magurudumu na bolti zinazoshika injini kwenye chesisi, hizo mtetemo wa silinda moja unazilegeza haraka kuliko kitu kingine chochote.